Kamba-vunjajungu katika tangi dogo: madai na majibu

Kamba-vunjajungu, mnyama wa bahari wa jamii ya kamba na kaa, hujulikana kwa ngumi yake kabla ya kujulikana kwa lingine lolote. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya pigo lake: rungu la aina iitwayo tausi lilifikia kasi ya mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa, tena ndani ya maji. Tangu hapo mnyama huyu amekuwa nyota wa video, na anayetaka kumfuga hupokewa na maonyo mengi kuliko maelekezo.

Ninayapinga mengi ya maonyo hayo, pamoja na ahadi tamu zinazotolewa dukani, kwa sababu yote mawili yanamfanya mfugaji aangalie pasipo. Anajiandaa kwa ngumi, kisha mnyama anamfia kwa amonia. Ninachosema ni kwamba kamba-vunjajungu wa aina ndogo anaweza kuishi vizuri kwa miaka katika tangi dogo la maji chumvi, na kwamba kinachoamua uhai wake ni maji na tundu. Tuyachukue madai moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Atavunja kioo, maji yamwagike sebuleni."

Dai hili lina chembe ya ukweli. Mwaka 1998, katika kituo cha maonyesho ya viumbe wa bahari huko Great Yarmouth, Uingereza, tausi mmoja aliyepewa jina la Tyson alipasua kioo cha tangi lake chenye unene wa robo inchi. Kisa kilienea magazetini, na tangu siku hiyo kila kamba-vunjajungu amebebeshwa kosa la Tyson.

Lakini kamba-vunjajungu si mnyama mmoja. Kuna aina zaidi ya 400, na zimegawanyika katika makundi mawili makubwa: wenye mikuki, wanaochoma samaki na kamba wapitao, na wenye rungu, wanaoponda konokono na kaa. Tausi, ambaye jina lake la kisayansi ni Odontodactylus scyllarus, ni miongoni mwa wenye rungu wakubwa na hufikia sentimita 18. Pigo lake limepimwa likafika nguvu ya nyutoni 1,500, zaidi ya mara elfu moja ya uzito wa mwili wake. Msuli peke yake haungeweza kazi hiyo. Msuli hukaza springi yenye umbo la tandiko iliyomo mkononi, kufuli dogo huishikilia, na kufuli likifunguka rungu hufyatuka. Kasi yake huacha viputo vya mvuke majini, na viputo hivyo vikipasuka hupiga shabaha kwa mara ya pili.

Anayemfuga tausi ana haki ya kuchagua tangi la akriliki, ambayo haipasuki kirahisi kama kioo. Anayefaa tangi dogo, hata hivyo, ni jamaa kama Neogonodactylus wennerae wa Ghuba ya Meksiko na Karibi, ambaye hata sentimita 10 hafiki. Kwa huyo, tangi la kioo lililojengwa vizuri linatosha. Tandika bamba la plastiki chini ya mchanga, maana hupenda kuchimba na kugonga sakafu, na usimwekee tundu lililobanana na kioo. Baada ya hapo, wasiwasi wako uupeleke kwingine.

Dai la 2: "Kumweka tangi dogo ni ukatili."

Wanaosema hivi wana huruma, nami naiheshimu. Ila wanampima kwa kipimo cha samaki anayeogelea siku nzima. Kamba-vunjajungu mwenye rungu ni mnyama wa nyumbani. Maisha yake yanazunguka tundu moja kwenye jiwe: hulilinda, hulipigania, hutoka kutafuta chakula karibu na hapo, na hurudi. Kwa aina ndogo, tangi la lita 40 lenye mawe mengi na matundu ya kuchagua lina nafasi ya kutosha.

Huruma hiyo ina mahali pake panapostahili. Tausi asiwekwe kwenye lita 40; kwake anza kufikiria lita 150 na mchanga wa kina cha kuchimbika. Na Lysiosquillina maculata, mwenye mikuki na milia kama punda milia, anayekaribia sentimita 40 na kuishi na mwenzi wake ndani ya handaki refu la mchangani, hafai kabisa tangi la sebuleni. Muuzaji akikwambia "ni kamba-vunjajungu" bila kukutajia aina, hajakwambia kitu.

Dai la 3: "Tangi dogo ni rahisi kutunza kuliko kubwa."

Hili ndilo dai linaloua zaidi, na ni kinyume kabisa cha ukweli. Tangi dogo ni rahisi kununua, ni rahisi kubeba, na ni gumu kulitunza.

Chukua chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 20 likipoteza lita 2 kwa mvuke, chumvi haiondoki na mvuke huo. Inabaki, na sasa imo ndani ya lita 18. Kipimo kimepanda hadi karibu gramu 39 kwa lita. Tangi la lita 200 likipoteza lita 2 zilezile, kipimo hupanda hadi gramu 35 na nukta kidogo, na mnyama hahisi lolote. Ndiyo maana mwenye tangi dogo huongeza maji kila siku, na maji anayoongeza ni matamu, si ya chumvi. Wapo wanaojaza kwa maji chumvi kila yakipungua, wiki baada ya wiki, wakashangaa mnyama amelegea.

Chukua amonia. Hutoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, na ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria waishio juu ya mawe na mchangani huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi kuongezeka vya kutosha. Kumtia mnyama kwenye tangi la jana ni kumtia kwenye maji yasiyo na mtu wa kuyasafisha. Kipande kimoja cha kamba kilichosahauliwa nyuma ya jiwe huvuruga lita 20 kwa usiku mmoja. Pima amonia na naitriti. Zote mbili zisome sifuri kabla hujamleta.

Chukua joto. Kamba-vunjajungu wa nchi za joto wanataka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji kidogo hupata moto haraka na kupoa haraka. Kwa wanaoishi Dar es Salaam au Mombasa, adui ni joto la Februari na umeme unapokatika: pampu ikisimama, hewa ndani ya maji nayo hupungua. Pampu ya hewa ya betri ni bei ndogo kwa uhai wa mnyama.

Na wale waishio karibu na bahari wasidhani kuchota maji ufukweni kumemaliza kazi. Maji yaliyochotwa karibu na mkondo wa mto au bandari, hasa masika, yamechanganyika na maji ya mvua na uchafu wa mji. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji, na upime chumvi kabla ya kutumia. Jihadhari pia na shaba: dawa nyingi za samaki zina shaba, na kwa jamii ya kamba na kaa ni sumu hata ikiwa kidogo.

Dai la 4: "Ana macho ya ajabu, kwa hiyo mpe taa kali afurahie rangi."

Macho yake ni ya ajabu kweli. Yako juu ya vikonyo, kila moja likizunguka kivyake, na mara nyingi jicho moja hukutazama huku jingine likikagua konokono. Binadamu ana aina 3 za chembe za kupokea rangi. Kamba-vunjajungu wengi wenye rungu wana 12. Watu hudhani basi anaona bustani ya rangi tusizoziwaza. Mwaka 2014 Hanne Thoen na wenzake walilijaribu wazo hilo na kuchapisha matokeo katika jarida la Science: walipowataka wanyama hawa watofautishe rangi zinazokaribiana, walishindwa pale ambapo binadamu hufaulu bila shida. Inaelekea wana njia yao ya kuitambua rangi upesi bila kuilinganisha kwa undani kama tufanyavyo sisi. Walipotupita kweli ni kwingine: mwaka 2008 ilithibitika kuwa wapo wanaoiona nuru ambayo mawimbi yake huzunguka kama skrubu, jambo ambalo jicho la binadamu haliwezi.

Kwa mfugaji, jambo la maana ni hili: hakuna chochote katika macho hayo kinachodai taa kali. Tausi huishi sana kwenye kina cha mita 10 hadi 30, ambako nuru ni hafifu na ya buluu. Tausi wengi waliofugwa hupata ugonjwa wa gamba, mabaka yanayolila na kuwatoboa, na wafugaji wenye uzoefu huuhusisha na mwanga mwingi pamoja na maji machafu. Taa kali huhitajiwa na matumbawe hai. Kamba-vunjajungu anahitaji usiku, mchana, na kivuli.

Dai la 5: "Mtafutie mwenzake, au mweke na samaki wako."

Wengi hawamnunui kwa makusudi. Huingia nyumbani amejificha ndani ya jiwe la bahari, na mwenye tangi hugundua baada ya konokono kuanza kupungua. Wengine humhukumu kifo papo hapo. Wengine husema ataizoea familia. Wote wamekosea. Atawala konokono, kaa na kamba, na samaki anayelala karibu na tundu lake hana uhakika wa kuamka. Kumwekea mwenzake wa aina yake katika tangi dogo ni kuandaa vita ya kugombea tundu. Hapa ndipo tangi dogo linapokuwa jibu la haki: toa jiwe pamoja naye, mpe tangi lake peke yake, na pande zote mbili zitaishi.

Ukimhamisha, tumia kikombe kigumu cha plastiki, si mkono. Hata mdogo anaweza kukupasua ngozi, na mwenye mikuki huchoma kwa miiba yenye vikulabu.

Dai la 6: "Hajaonekana siku kadhaa, amekufa. Mtoe kabla hajaoza."

Simama. Kabla ya kuinua jiwe, angalia mlango wake. Kama umezibwa kwa vijiwe na mchanga, aliyeziba ni yeye. Anajivua gamba.

Kamba-vunjajungu hukua kama kaa akuavyo: kila baada ya miezi michache gamba zima huachwa, pamoja na rungu na ngozi ya macho, na jipya lililo laini hutokea chini yake. Mpaka ligande, rungu halina kazi. Mnyama aliyekuwa akipasua konokono jana, leo hawezi kujitetea. Baharini huu ndio wakati wa kunyang'anywa nyumba au kuliwa, na ndiyo maana anajifungia.

Mwaka 1990 Eldridge Adams na Roy Caldwell walieleza mbinu yake ya wakati huo. Walimchunguza Neogonodactylus bredini aliyetoka kujivua gamba, wakamletea mvamizi mlangoni. Badala ya kukimbia, wakati mwingine mwenye nyumba alijitokeza na kuitanua mikono yake ya kupigia, ishara ambayo kwa kawaida humaanisha "nakaribia kupiga". Hakuwa na uwezo wa kupiga. Alitisha kwa maneno matupu, na wapo waliofanikiwa.

Fikiria basi kinachotokea mtu akiingiza kijiti tunduni wakati huo, au akageuza jiwe kutafuta maiti. Anamvunjia nyumba mnyama asiye na silaha wala ngozi. Mwache kwa wiki moja hata mbili. Pima amonia kila siku: ikibaki sifuri, hakuna kinachooza. Atakapofungua mlango, mara nyingi utaliona gamba la zamani limetupwa nje, tupu, na kila mguu uko mahali pake. Usiliondoe haraka, wapo wanaolitafuna tena.

Dai la 7: "Lazima ale kiumbe hai kila siku."

Hapana. Mlo mmoja mdogo mara 2 au 3 kwa wiki unatosha: kipande cha ngisi, kamba au kome, kilichogandishwa na kuyeyushwa. Kulisha kila siku kunachafua maji, na tumeshaona maji kidogo yanavyolipiza.

Konokono mzima mara moja moja ni jambo jema kwa sababu humpa kazi. Mtazame. Hamrukii. Hutoka nusu mwili, humgusa kwa vipapasi, humkamata na kumviringisha, humweka sawa juu ya jiwe, kisha "tak!" Hunyamaza, humgusa tena, humgeuza kidogo, hupiga. Utafiti uliochapishwa na maabara ya Patek mwaka 2018 ulionyesha kuwa hapigi ovyo: hubadili mahali pa kupiga kulingana na umbo la gamba. Kwa konokono mrefu huandama mdomo na ncha. Kwa wa mviringo hufuata mahali pengine. Asubuhi utakuta vipande vya gamba vimesukumwa nje ya mlango.

Dai la 8: "Ni mdudu tu, hajui kitu, tundu lolote litamfaa."

Caldwell alionyesha tangu mwaka 1979 kwamba kamba-vunjajungu huwatambua wenzake kwa harufu: aliyeshindwa vita hulikwepa tundu lenye harufu ya yule aliyemshinda. Mwaka 2020 Rickesh Patel na Thomas Cronin walichapisha kazi yao kuhusu Neogonodactylus oerstedii wa Karibi. Mnyama huyo huenda kutafuta chakula kwa njia ya kupindapinda, kisha hurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka, akiongozwa na jua, na mwelekeo wa nuru angani, na kumbukumbu ya mwendo wake mwenyewe.

Mnyama anayebeba ramani ya nyumbani kichwani hawezi kupewa tundu lolote. Anataka mlango unaombana kidogo, ndani pawe na nafasi ya kujigeuza, na mwisho ulio gizani. Kipande cha bomba la PVC kinachozidi kidogo unene wa mwili wake, kikiwa na urefu wa karibu mara mbili ya mwili, kimefukiwa nusu mchangani, huwaridhisha wengi. Mpe matundu mawili au matatu ya ukubwa tofauti achague. Mwachie na kokoto za kuzibia mlango. Akiwa hana tundu linalomfaa, atazunguka tangi usiku na mchana, hatakula vizuri, na wakati wa kujivua gamba ukifika hana pa kujifungia. Hapo hata maji masafi hayamwokoi.

Dai la 9: "Ukimchoka, mrudishe tu baharini."

Visiwa vya Hawaii vina somo juu ya hili. Aina iitwayo Gonodactylaceus falcatus ililetwa huko kutoka kwingine, na utafiti wa Kinzie uliochapishwa mwaka 1968 ulieleza jinsi mgeni huyo alivyomtoa Pseudosquilla ciliata katika matundu ya matumbawe aliyokuwa akiishi. Hakuhitaji ugonjwa wala sumu. Alipigania nyumba akashinda. Mnyama wa Karibi aliyelelewa katika tangi la Ulaya au Afrika hastahili kutupwa katika bahari isiyo yake. Mtafutie mfugaji mwingine.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lina upande wa pili. Tausi anapatikana kwetu, na jamaa zake wadogo wamo kwenye vishimo vya mwamba ambao wachokoa pweza hupita juu yake maji yakipwa. Urahisi wa kuwapata usimfanye mtu avunje jiwe ili amtoe mmoja. Jiwe moja la matumbawe lililovunjwa ni nyumba ya viumbe wengi ambao hakuna atakayewafuga, na katika hifadhi za bahari kuchukua kiumbe bila kibali ni kosa la kisheria. Anayemtaka apitie kwa mvuvi au mfanyabiashara mwenye leseni, na akubali kungoja.

Madai haya yote yanafanana kwa jambo moja: yanamhesabu kamba-vunjajungu kama silaha yenye miguu. Ukimchukua hivyo, utanunua kioo kinene na kusahau kipima chumvi. Ukimchukua kama mwenye nyumba anayehitaji maji tulivu, giza, na mlango wa kufunga, mahitaji yake yanahesabika kwa vidole na hayana gharama kubwa. Yanataka tu mtu wa kuyatimiza kila siku, ikiwemo ile siku ambayo mlango umezibwa na hakuna cha kuwaonyesha wageni. Mtu huyo akiwepo, lita 40 zinatosha. Asipokuwepo, hata lita 400 ni chache.